Ua Mmoja, Milango Sita

Mtumishi wa umma akikaribia miaka 60 hapa kwetu Tanzania huulizwa maswali mawili. La kwanza ni la kikotoo, yaani hesabu ya mafao ya kustaafu: mkupuo wako, fedha utakazolipwa kwa mara moja, utakuwa shilingi ngapi? La pili ni la nyumba: umeshamaliza kujenga? Utaishi na nani ndani ya nyumba hiyo, hakuna anayeuliza. Inachukuliwa kwamba mtu ana watoto, ana wajukuu, ana ukoo, basi yamekwisha.

Kikotoo tumekipigania na wala sikidharau. Kanuni za 2018 zilipotaka tulipwe asilimia 25 ya mafao kwa mkupuo, tulilalamika mpaka Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka huo huo. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa kundi letu. Kelele zile hazikuwa za bure. Kwa mwalimu, mkupuo ndio bati, ndio madirisha, ndio ukuta. Bila mkupuo, pagale linabaki pagale.

Sasa zungukeni mkaone mapagale yaliyokamilika. Nendeni Chanika, Goba, Kinyerezi, Kibaha. Mtakuta nyumba ya vyumba vitano, sebule mbili, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu na geti jeusi. Ndani anaishi mama mmoja mstaafu na dada wa kazi anayebadilika kila baada ya miezi michache. Vyumba vilijengwa kwa ajili ya watoto wakija likizo. Watoto wako Mwanza, Dodoma na ng'ambo. Wakija, siku ya pili wameshaanza kulalamikia mbu.

Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye miaka mingi alianguka bafuni katika nyumba ya namna hiyo, siku ambayo dada wa kazi alikuwa ameaga kwenda kwao. Geti limefungwa kwa ndani, simu iko sebuleni. Majirani walishangaa tu taa ya nje inawaka mchana kutwa, na kwa kuwa kila mtu ana ukuta wake, hakuna aliyeona haja ya kugonga. Aliyemwokoa ni kijana wa maji aliyezoea kumpelekea madumu: alipiga hodi, akasikia sauti, akaruka ukuta. Nyonga ilivunjika lakini mama yuko hai. Tulipokwenda kumwona wodini alituambia kwa utani, ila macho hayakuwa ya utani: "Jamani, nimejenga jela kwa hela yangu mwenyewe."

Ndipo maneno yetu ya kikobani yalipoanza kugeuka kuwa mpango.

Kikoba chetu ni cha kawaida. Tunanunua hisa, tunakopeshana, Desemba tunagawana, tunapika pilau. Kila mwaka wakati wa kugawana lazima mmoja aseme: "Sisi tukizeeka tununue kiwanja tukae wote." Tunacheka, tunaendelea kula. Nadhani nusu ya wanawake wanaosoma hapa wameshausema utani huu na mashosti zao. Mwaka ule, baada ya kutoka hospitali, uliposemwa hakuna aliyecheka. Muuguzi wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akauliza: "Kiwanja wapi?"

Tuko sita. Mimi mwalimu, yeye muuguzi, mmoja alikuwa mhasibu wa halmashauri, wawili ni wafanyabiashara, na mmoja amesomesha watoto wanne kwa vitumbua vya asubuhi. Wajane tuko watatu, mmoja ameachika, mmoja hakuolewa, na mmoja ana mume ambaye (hapa pana hadithi ndefu) amehamia kijijini kwao kulima na hana mpango wa kurudi mjini. Wanaume hatukuwafukuza. Ni kwamba ukifika umri wetu na ukahesabu walio wapweke, unakuta ni wanawake.

Mdogo wangu anaishi London na kazi yake ni kulea wazee kwenye vituo vya kule. Nilipomwambia mawazo yetu alinijibu kwamba wapo waliotutangulia, tena jirani na kwake, sehemu iitwayo High Barnet, kaskazini mwa jiji. Tangu hapo nimesoma habari zao kama mtu anayesomea mtihani.

Ni wanawake 26 waliohamia mwishoni mwa 2016 katika nyumba 25 zilizozunguka bustani moja. Makazi yenyewe yanaitwa New Ground. Masharti ni mawili: uwe mwanamke, na uwe umevuka miaka 50. Kila mmoja ana nyumba yake kamili, na jiko lake, choo chake na mlango wa kufunga. Vya pamoja ni bustani, ukumbi wenye jiko kubwa, mahali pa kufulia, na chumba cha wageni ili mtoto akija asilazimike kulala kwenye kochi. Hakuna meneja, hakuna mlezi wa zamu, hakuna kengele ya chakula. Fedha wanasimamia wenyewe, bustani wenyewe, matengenezo wenyewe, kwa vikundi. Wanakula pamoja mara kwa mara, si kila siku. Na wana kanuni moja ambayo muuguzi wetu aliipenda kuliko zote: kazi yao ni kuangaliana, si kulelana. Pazia lako lisipofunguliwa asubuhi, mtu atagonga. Supu utaletewa. Lakini ukifikia hali ya kuhitaji kuogeshwa kila siku, huduma hiyo inatoka nje, kama ambavyo ingetoka ungekuwa unaishi peke yako.

Mtu akiona picha ya bustani ile atadhani ni wazungu tu, wana hela na serikali yao inawasaidia. Na mimi nilidhani hivyo. Lakini kundi lile lilianza 1998. Mtafiti mmoja, Maria Brenton, alikuwa amekwenda Uholanzi akakuta wazee wanaishi kwa vikundi walivyojiundia, tena halmashauri zinawaunga mkono kwa sababu zimepiga hesabu na kuona mzee mwenye wenzake anachelewa kufika hospitali. Aliporudi akawaeleza wanawake wachache, wakaanza kukutana. Kutoka kikao cha kwanza hadi kukabidhiwa funguo ilichukua miaka 18. Viwanja vilipatikana vikapotea. Viongozi wa mitaa hawakuchangamkia kundi la vikongwe, wakihofu watakuja kuwa mzigo wa huduma za jamii. Kiwanja cha Barnet, palipokuwa na shule ya watawa, kilinunuliwa na shirika la nyumba la Hanover ndipo mambo yakasogea. Kati ya walioanza, wapo waliofariki kabla ya kuingia.

Miaka 18! Muuguzi aliposikia akasema, "Sisi wengine hatuna miaka 18 ya vikao." Ni kweli. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa namwambia kila mtu mwenye miaka 45 anayenisikiliza: kuhamia namna hii si jambo la kufanya ukishachoka. Mzee aliyechoka huhamishwa. Huamka siku moja akakuta mabegi yamefungwa na gari liko nje, iwe anapelekwa kwa mtoto wake au kwenye kituo. Anayeweza kuhama mwenyewe ni yule ambaye bado ana magoti ya kupanda daladala kwenda kuangalia kiwanja, na bado ana ulimi wa kumwambia dalali kwamba anadanganya. Kwa nguvu hizo anachagua nani atakuwa jirani yake, sinki liwekwe kimo gani, na mbwa wafugwe au wasifugwe.

Ukiwatajia Watanzania makazi ya wazee, akili zinakwenda moja kwa moja kwenye kambi. Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi Mwanza, Fungafunga Morogoro, Njoro Moshi. Ni makazi ya serikali kwa wazee wasio na mtu. Baadhi yake yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na ile hisia ya kutengwa haijawahi kuyatoka kabisa hata baada ya ukoma wenyewe kupata dawa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema wazi kwamba mzee mahali pake ni kwenye familia na jamii yake, na makazi ya taasisi ni hatua ya mwisho kabisa. Kwa hiyo ukisema "nahamia kwenye makazi na wenzangu", jirani anasikia "watoto wamenitupa".

Unguja kidogo ni tofauti. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume iliweka nyumba za wazee Sebleni, mjini kabisa, si porini, na wazee wakalelewa kwa gharama ya serikali kama haki yao. Zanzibar hiyo hiyo, Aprili 2016, ilianza kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mtumishi au mchuuzi wa urojo, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Nilipita Sebleni zamani nikiwa na kundi la walimu tuliokwenda kutoa sabuni na sukari. Ninachokumbuka ni bibi mmoja aliyetuuliza kama tumekuja kupiga picha au kuzungumza, maana kama ni picha angeenda kubadilisha kanga. Tulizungumza. Alikuwa na habari za kila mtu pale, nani kagombana na nani, nani anamtaka nani. Sikumwona kama mtu aliyetupwa.

Wala kukaa pamoja si jambo la wazungu. Nimekulia Ilala kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya korido katikati na vyumba pande mbili, na uani nyuma ambako kuna jiko, choo, kamba za nguo na ugomvi wote wa dunia. Kila chumba familia yake. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, chumba chake cha mbele karibu na baraza, na hakuna mtu aliyetoka wala kuingia bila yeye kujua. Alipougua, hakuna aliyepangiwa zamu, lakini uji ulikwenda. Kodi zetu zilimlisha, na sisi watoto tulikuwa miguu yake ya kwenda dukani. Alikufa akiwa mtu mwenye mamlaka, akigombana juu ya nani kamwaga maji machafu karibu na mlango. Nyumba zile zinavunjwa sasa, Kariakoo karibu zimekwisha, na sisi watoto wa uani tukipata hela kitu cha kwanza tunajenga ukuta. Namwelewa anayejenga ukuta. Choo cha kupanga foleni na wapangaji kumi kinachosha. Ila tulipoacha foleni ya choo, tulimwacha na yule anayegundua kwamba leo bibi hajatoka.

Niliwaambia watoto wangu kwa nyakati tofauti. Binti yangu aliye ng'ambo alikubali upesi mno, kabla sijamaliza sentensi, na nikajua kwa nini: usiku wake wa kuwaza "mama yuko peke yake" ungepungua. Kijana wangu wa Mwanza alinyamaza. Kisha akasema, "Mama, watu watasema nimeshindwa kukutunza." Nikamwambia, mwanangu, watu hao ndio wataniletea uji? Hakucheka. Aliniambia ameshapanga kuongeza chumba kwake kwa ajili yangu. Najua anasema kweli, na mke wake ni mkwe mwema, sina neno naye.

Lakini mama yangu mzazi alikaa kwangu Ubungo miaka yake ya mwisho. Alikula vizuri, alivaa safi, dawa zake zilitolewa kwa wakati, na kila jioni niliporudi shuleni nilimkuta kwenye kochi lile lile mbele ya televisheni iliyokuwa ikisema mambo asiyoyajali. Hakukosa kitu ila mtu wa rika lake wa kumsengenyea. Alikuwa akiuliza habari za wanawake wa kijijini mmoja mmoja kwa majina, na wengine walishakufa, nikawa sijui nimwambie au nimwache. Kwa hiyo mtoto wangu anaponiahidi chumba, nakiona chumba chenyewe: kizuri, kina feni, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni nyumba nzima ni mimi na televisheni. Familia za mjini siku hizi hazishindi nyumbani, na sioni wa kumlaumu.

Kaka yangu mkubwa aliitisha kikao. Hoja yake ya kwanza ilikuwa heshima ya ukoo, tukaivuka. Ya pili ilinikaba: "Ukifa, msiba utakuwa wapi?" Msomaji wa kwetu hatacheka hapa. Turubai litafungwa uwanja gani? Mwili utatoka nyumba ipi? Wakwe watafikia wapi, na nani atapokea rambirambi? Nilikwenda na swali hilo kikobani, likatula Jumamosi mbili. Mwishowe tuliandika kwamba ukumbi wa pamoja na ua ni vya msiba wa yeyote kati yetu kwa siku zinazohitajika, na familia ya marehemu ndiyo wenyeji, sisi tunahudumu jikoni. Na anayetaka kusafirishwa kwao aandike mapema na aweke fedha zake mapema. Kaka aliposoma kipengele hicho alilegea. Nadhani alichokuwa anatafuta ni uhakika kwamba bado ana dada.

Lipo na jingine ambalo wenzetu wa Barnet hawakuwa na haja ya kulifikiria. Fundi aliyetupimia kiwanja alisema kwa mzaha, "Mabibi sita peke yao, mtaitwa wachawi nyie." Mwenzetu mmoja ni Msukuma wa Shinyanga. Hakucheka hata kidogo. Kule kwao vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka hamsini yamekuwa ushahidi wa kutosha. Ametuambia wazi kwamba hatakaa mahali ambapo mjumbe na majirani hawatujui. Ndiyo maana mlango mkubwa wetu hautakuwa geti la bati. Tunataka baraza linalotazama barabara, na mmoja wetu auzie vitumbua hapo, na watoto wa mtaa waje kufundishwa hesabu jioni bila malipo. Mtu ambaye mtoto wake amefaulu hisabati kwako hawezi kukuita mchawi upesi. (Anaweza, lakini atafikiri kwanza.)

Na tazameni dunia ilivyo. Kule Montreuil, pembeni mwa Paris, kuna nyumba ya wanawake wazee iliyofunguliwa rasmi 2013, na mwanzilishi wake, Thérèse Clerc, aliiita kwa makusudi Nyumba ya Babayaga. Babayaga ni kikongwe mchawi wa hekaya za Kirusi. Clerc alikuwa amemuuguza mama yake miaka mingi akasema hataki watoto wake wabebe mzigo ule. Maofisa hawakumsikiliza mpaka joto kali la 2003 lilipoua watu karibu 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee waliokuwa peke yao ndani ya nyumba, Agosti, wakati familia ziko likizo. Nyumba yake ina vyumba 25 vya kupanga: 21 vya wanawake wazee na 4 vya vijana. Hilo la vijana tumelichukua. Tutakuwa na chumba kimoja cha mwanafunzi wa uuguzi au ualimu, atalipa kodi ndogo na usiku atakuwa masikio yetu.

Nimeacha fedha mpaka sasa kwa sababu ndizo zilizokaribia kutuvunja.

Wanne kati yetu tuna mkupuo au akiba. Mwenzetu wa vitumbua hana pensheni, ana hisa zake za kikoba tu. Barnet walilikuta tatizo hili hili. Katika nyumba zao 25, 17 zilinunuliwa na wakaazi na 8 ni za kodi nafuu kwa wasio na uwezo wa kununua, kwa msaada wa mfuko wa hisani, Tudor Trust. Walikataa tangu mwanzo kuwa kundi la wenye nyumba za kuuza peke yao. Tukaiga: sisi tutamjengea, yeye ataishi humo maisha yake yote, nyumba itabaki ya kikundi. Tuliona tumefanya ukarimu mkubwa. Yeye akavaa kanga yake vizuri akasema, "Sitaki kuwa mpangaji wa mashosti zangu. Siku nikikosana na mmoja wenu juu ya sufuria, mtanikumbusha nyumba ni ya nani."

Alikuwa sahihi na sisi tulikuwa hatujaona. Sasa makubaliano ni kwamba chumba chake kitakuwa kidogo kuliko vyetu, atakilipia kidogo kidogo kama mkopo wa kikoba usio na riba, na sehemu ya malipo ni chai ya asubuhi ya wote. Mhasibu ameweka daftari lake. Kila mwezi anajua amefikia wapi, na karatasi ina jina lake.

Kuhusu karatasi, mwanasheria kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu anatusaidia. Mkiweka majina sita kwenye hati moja kila mtu na fungu lake, fungu hilo hurithiwa, na mrithi anaweza kuwa mpwa wa miaka 25 mwenye spika kubwa. Kuna Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ile inayotumika kwenye maghorofa, ambayo humpa kila mtu hati ya sehemu yake na kuacha ua, ngazi na paa viwe vya wote chini ya chama cha wenye sehemu. Kuna pia njia ya ushirika, chini ya sheria ya 2013: ardhi ni ya chama, wewe una hisa na haki ya kukaa, ukifa hisa zinathaminiwa na warithi wanalipwa fedha. Mimi napendelea ushirika. Wenzangu wawili wanataka hati mkononi, na siwezi kuwabishia sana. Mmoja wao ni yule Msukuma. Mume wake alipofariki, shemeji walimsomea mila, na mila hiyo imeandikwa: Tangazo la Sheria za Mila la 1963 lilimwacha mjane bila fungu katika mali ya mumewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, kwamba nchi yetu ilikiuka haki zao. Mtu aliyewahi kutolewa ndani ya nyumba aliyoisaidia kuijenga usimwambie "tuaminiane". Mpe hati.

Kiwanja tumekipata Kibaha, mahali ambapo bodaboda inafika hospitali ya Tumbi bila safari ndefu. Hicho kilikuwa kigezo cha muuguzi na hakikujadiliwa. Kadi za bima ya afya wastaafu wa serikali tunaendelea nazo, wengine watakata za kwao. Nyumba zote ni za chini, hakuna ngazi hata moja, milango mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu, choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikia. Fundi alisema vyuma vinaharibu uzuri wa bafu. Tulimpeleka akamwone mwenzetu wa nyonga, akarudi ameviongeza kwenye mchoro bila kusema neno.

Tusichokimaliza ni ugonjwa wa kusahau. Mwili ukichoka tunajua la kufanya, kila mmoja ameandika nani ataletwa kumhudumia na kwa fedha zipi. Lakini je, akili ikitangulia kuondoka? Mwenzetu akianza kutoka usiku, akiacha gesi wazi, akitushuku kwamba tunamwibia? Muuguzi anataka kipengele kinachosema wazi ni nani ataamua, na ni wakati gani mtu ataondoka kwenda kwa familia yake. Mwenzetu asiyeolewa akauliza, "Na asiye na familia?" Kila rasimu tuliyoandika imefutwa na mtu mmoja, na si yule yule kila mara. Mwanasheria anasema tuweke watu wawili wa nje, mmoja wa familia na mmoja daktari, waamue na sisi. Tutalijadili tena mwezi huu, pamoja na suala la kuku, ambao wafanyabiashara wanawataka na mimi nimekataa, kwa sababu jogoo wa Kibaha huanza saa tisa usiku.